Saa Kumi na Mbili Kamili

Bwana Dakika alipuliza filimbi sebuleni, mchana kweupe, na mama mkwe wake akajimwagia chai mapajani.

"Jamani!" bibi alifoka. "Filimbi ndani ya nyumba?"

"Nisamehe, mama. Hilo lilikuwa zoezi la kwanza," alijibu kwa adabu, macho kwenye saa ya mkononi. "Tangu niseme tunaondoka mpaka wote kuingia garini, dakika arobaini na saba. Kesho tukienda hivi, bahari tutaiona kwenye kalenda."

Msimcheke. Miaka ishirini na miwili mtu huyu amesimama kwenye lango la stendi, daftari mkononi, akiruhusu mabasi kutoka. Basi halichomoki mpaka yeye ahesabu vichwa, apulize filimbi, agonge bodi mara mbili. Amewapeleka watu baharini maelfu kwa maelfu, na yeye mwenyewe hajaiona hata siku moja. Kila likizo yake ikikaribia, mara mwenzake kaugua, mara abiria wamefurika, basi anaahirisha. Mwaka huu amepewa wiki mbili nzima. Nyumba ya kufikia imeshapatikana, na shemeji yake, kaka wa mkewe, amejitolea kuwaendesha kwa gari lake kubwa. Bwana Dakika alikuwa na furaha mpaka usingizi ulimkimbia, ila alijikaza isijulikane.

Kulikuwa na kikwazo kimoja. Barabara ya mlimani ilikuwa inatengenezwa, na kila siku walikuwa wakiifunga saa mbili asubuhi mpaka giza liingie. Kutoka nyumbani hadi pale ni mwendo wa karibu saa mbili.

"Si tutoke saa kumi na moja basi, tuwe na nafasi?" aliuliza mkewe, amekaa juu ya sanduku lisilotaka kufungika.

"Watu wa nyumba hii ukiwapa nafasi, wanalala ndani yake. Saa kumi na mbili kamili."

"Mume wangu, familia yetu haijawahi kutoka saa yoyote ikiwa kamili. Hata siku ya harusi ulinisubiri kwa saa tatu nzima."

"Mimi nilisubiri kwa sababu nakupenda. Barabara haikupendi."

Akabandika ratiba kwenye friji: nani anaamka lini, nani anaoga baada ya nani. Bibi alipoona amepewa dakika kumi za choo, alicheka mpaka akashika mbavu. "Mwanangu, tumbo langu halijui kusoma!"

Viti navyo vikapangwa. Mke mbele na dereva, bibi katikati na wajukuu wake mapacha. Yeye mwenyewe alichagua kile cha nyuma kabisa, nyuma ya lundo la mizigo, ili apumzike bila kuulizwa "tumefika?" kila baada ya kilomita moja.

"Na mimi dereva, amri yangu ipi?" aliuliza shemeji, akijizuia kucheka.

"Uso mbele. Nikishagonga bodi, unaondoka. Mtu akipiga kelele kasahau mswaki, usisimame. Wa mswaki ndiye atakayetufungia barabara."

"Ndiyo, mkuu!" Shemeji akapiga saluti, na mapacha nao wakapiga. Wakarudia zoezi mara mbili zaidi. La mwisho lilichukua dakika kumi na moja. Bwana Dakika alilala na tabasamu.

Kulipokucha, mambo yalikwenda vizuri mno. Mapacha walikuwa wamelala na nguo za safari, viatu na vyote. Sanduku lilifungika. Ilipobaki robo saa, mizigo yote ilikuwa ndani, na mkewe alikuwa amekaa kwenye kiti chake, amejifunga mkanda, anamtazama kwa macho ya "umeona?"

Bibi ndiye hakuonekana.

Bwana Dakika akakimbilia ndani. Mlango wa choo ulikuwa umefungwa. Akauinua mkono agonge, akaushusha. Basi unaweza kuligonga, lakini mama mkwe hagongewi mlango wa choo. Akasimama pale jasho likimtoka, saa inakwenda. Akakohoa.

"Kohoa tu, baba, nakusikia!" ilijibu sauti kutoka ndani. "Ningeweza kuharakisha ningeharakisha!"

Dakika nane zikabaki. Sita. Nne. Aliiona ile barabara imeshafungwa, akaiona likizo yake inaisha hapa hapa koridoni. Zilipobaki mbili, bibi akatoka, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, anachechemea kuelekea garini na kucheka peke yake. Bwana Dakika akamshika kiwiko, akampandisha, akamfunga mkanda. Akasukuma mlango wa ubavuni. Akatupia kibegi cha bibi nyuma na kubamiza mlango wa nyuma. Akazunguka gari akihesabu kwa kidole kwenye madirisha: dereva, mke, bibi, pacha, pacha. Watano, kama alivyoandika kwenye daftari. Hakuna aliyebaki.

Mshale ukagusa kumi na mbili. Akapuliza filimbi. Akagonga bodi mara mbili.

Shemeji hakugeuka hata kidogo. Gari likatoka getini laini kabisa, likashika barabara, likakata kona. Machozi yalimlengalenga Bwana Dakika. Familia yake, kwa mara ya kwanza duniani, imetoka kwa wakati! Akaandika saa, akatia sahihi, akafunga daftari kwa raha.

Kisha akageuka kuliita gari linalofuata, akakuta ua mtupu, na yeye katikati yake na kaptula mpya ya kuogelea.