Korongo na Kioo cha Jicho Moja

Hapo kale ndege wa bonde moja walikuwa wakilinda kwa zamu, kila mmoja siku yake. Siku Korongo alipotokea na kioo cha jicho moja amekibana jichoni, walimkabidhi zamu zote. Nani amzidi msomi kama yule?

Mama Kanga peke yake hakutulia. Alikuwa na vifaranga watano, uzao wake wa kwanza, na hofu ilikuwa haimtoki.

"Bwana Korongo, samahani, unaona vizuri kweli? Mpaka kule mlimani? Na Mwewe je, ukimwona utatuambia, eti? Maana hawa wangu hata kukimbia hawajui."

"Mama, Mwewe nitamwona kabla hajaruka," Korongo alinong'ona.

"Sikia anavyosema taratibu!" ndege wakamcheka Mama Kanga. "Wewe na makelele yako, mshamba we, unamhoji mstaarabu?"

Aliona haya, akawaachia wanawe wachakure.

Mchana ule Mwewe alishuka, akaondoka na kifaranga mmoja. Mama Kanga alimkimbilia Korongo.

"Hukumwona? Baba, hukumwona?"

"Nilimwona, tangu yuko mlimani."

"Sasa mbona hukupiga kelele?"

"Ningefungua mdomo hivyo, kioo kingeanguka."

Mama Kanga aliwakusanya wanne waliobaki, akapanda juu ya kichuguu, akaanza kulinda mwenyewe. Tangu hapo Kanga hupiga kelele akiona chochote angani, hata kivuli cha wingu, na anayemwita mshamba humwacha aseme.