Fainali Siku ya Harusi

Katibu wa ligi aliingia uwanjani mbio mbio, simu mkononi, akakanyaga chokaa mbichi ya mstari wa katikati bila hata kuomba radhi.

"Mzee Nyasi, fainali ya kesho haipo. Dhoruba inatoka baharini, saa sita mchana itakuwa hapa. Wametangaza."

Mzee Nyasi, mtunza uwanja kwa miaka ishirini na sita, akaweka ndoo chini. "Haipo kabisa au imehamishwa?"

"Imehamishiwa Jumapili, saa kumi."

"Jumapili!" Mzee akashika kiuno. "Jumapili si harusi kwangu? Mwanangu anafunga ndoa saa nane!"

"Najua, Mzee. Kipa wetu ndiye mwenye harusi, nitasahauje?"

"Na kipa wa akiba?"

"Kapata mtoto juzi. Hatoki nyumbani."

Wakatazamana. Kipa wao aliitwa Gundi, maana mpira ukishafika mikononi mwake haubanduki. Kabla Gundi hajavaa glavu, timu ya mtaa haikuwahi kuvuka hata robo fainali. Bila Gundi, goli lingekuwa mlango wazi.

Nyumbani, mke wa Mzee Nyasi hakutaka kusikia. "Thubutu! Nimezaa mtoto mmoja, nitaona harusi moja. Leo mpira uje kuiingilia? Wageni wale wali wakitazama kiti kitupu?"

Jioni, upepo umeshaanza kutikisa nyavu, Gundi akamfuata Mzee uwanjani.

"Baba, nifanyeje? Mama kanuna, hata simu yangu hapokei."

"Umemuuliza mwenzako?"

"Nimemuuliza. Kasema, 'Nenda kadake. Ndoa ni ya maisha, fainali ni ya dakika tisini.'"

Mzee akacheka mpaka kofia ikamdondoka. "Kweli mmepatana! Basi sikiliza, mwanangu. Nitazungumza na mfungisha ndoa, mfunge saa tano asubuhi. Saa kumi uko golini, jioni tunakula. Mama yako niachie mimi."

Dhoruba ilikuja Jumamosi bila kubisha hodi. Iling'oa bati la kibanda cha tiketi, ikalilaza bango la matokeo chali, na kufikia magharibi uwanja ulikuwa bwawa. Vyura waliimba golini kana kwamba wamelikodi.

Jumapili alfajiri mbingu ilikuwa nyeupe pe. Mzee Nyasi alikuwa ameshachimba mfereji nusu ya urefu wa uwanja, mgongo unamlia, alipogundua kwamba upande wa pili kuna mtu anachimba pia. Alikuwa mkewe, miguu peku, nywele zimeshasukwa kwa ajili ya harusi, koleo mkononi.

"Usinitazame hivyo," mama akasema. "Usiku kucha nimenuna, nimeona hakuna faida. Bora nichimbe."

"Na mgongo wako?"

"Chimba, Mzee. Maneno hayakaushi maji."

Maji yakapata njia. Wakamwaga mchanga palipobaki tope, wakaoga, wakavaa. Saa tano ndoa ikafungwa, mama akalia kuliko watu wote. Saa kumi kamili filimbi ikapulizwa, na wageni waalikwa wote wakawa jukwaani na viatu vyao vinavyong'aa, wakipiga vigelegele hata mpira ulipotoka nje.

Dakika tisini zikaisha bila bila. Zikaja penalti. Timu ya mtaa ikafunga nne, wapinzani nne. Ya tano, timu ya mtaa ikafunga. Ikabaki moja tu, ya wapinzani. Wageni wote wakasimama jukwaani.

Mpigaji wao akarudi nyuma hatua sita, akaja kwa kasi, akaukung'uta mpira kushoto. Gundi akaruka, akatua kwenye tope, pwaa! Mpira ukaganda kifuani.

Mama alifika golini kabla ya kocha. Akamkumbatia Gundi bila kujali tope, akambusu paji la uso, kisha akamgeukia mwanawe wa pekee, aliyesimama kando ya nguzo na suti yake nyeusi, machozi yakimchuruzika.

"Na wewe, bwana harusi, utalia mpaka lini? Mvalishe mkeo huyu shela lake, twende tukale!"