Molasi ya Gurudumu la Kushoto

Manasseh alipiga magoti mbele ya trekta, akalegeza valvu ya gurudumu la kushoto, akakinga kiganja, akaonja. Akatema.

"Maji," akasema. "Tena maji matupu."

Ilikuwa Jumapili ya tatu mfululizo. Kijijini Ikonge kulikuwa na mwizi aliyekuwa akilikamua gurudumu la trekta ya ushirika, na kwa adabu zake zote alirudishia maji ili pengo lisionekane.

Gurudumu hilo lilikuwa limewasumbua watu tangu Juni. Trekta ilipovuta tela la majani ya chai kupanda kilima, pua yake iliinuka juu na dereva akabaki anatazama mawingu. Dawa ni kujaza magurudumu ya mbele kitu kizito, lakini kitabu kilichokuja na trekta kiliandikwa na watu wa nchi za theluji, nacho kilionya kwamba maji huganda kwenye baridi. Kamati ikakaa nusu siku. Mzee mmoja akaapa kwamba mwaka juzi mvua ya mawe ililala shambani kwake mpaka saa sita mchana, kwa hiyo maji ya Ikonge nayo yanaweza kuganda, na hakuna aliyetaka kubishana naye. Chumvi ikakataliwa kwa kuwa inakula chuma. Manasseh alipofika kwenye spiriti, kamati, ambayo yote ilikuwa ya Wasabato, ilimwambia afungue ukurasa mwingine. Ikabaki molasi, ile rojo nyeusi tamu inayobaki kiwandani sukari ikishatengenezwa: nzito kuliko maji, haigandi, na haina dhambi.

Yaani haina dhambi ikiwa ndani ya gurudumu. Ikitoka, watu huipikia pombe.

Kazi ya kujaza ilifanyika uani kwa Mzee Jethro, mwenyekiti wa ushirika na mzee wa kanisa, ambako trekta ililala. Mwenyekiti alishika ngazi, mkewe Mama Eucabeth akashika bomba, na nusu ya kijiji ikaja kutazama gurudumu likinyweshwa. Mwezi haukuisha kabla trekta haijarudi kinyumenyume mpaka kwenye mahindi ya watu. Mzee Jethro alimwita Manasseh pembeni. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba fundi wa valvu ile ni mmoja, na pua ikiinuka tena, trekta itapata dereva mwingine.

Manasseh aliogopa kweli. Kabla ya hapo alikuwa kibarua wa kuchuma chai, mgongo umepindwa na kikapu. Kiti kile cha chuma ndicho kilichowafanya watu waanze kumwamkia, naye hakuwa tayari kukishuka kwa ajili ya mwizi.

Tena alijua mwizi ni nani. Kila Ijumaa mchana trekta iliegeshwa, ikashika Sabato pamoja na mwenyekiti hadi Jumapili. Jumamosi kijiji kizima kilikuwa kanisani, isipokuwa Mogire, mpika pombe wa ng'ambo ya mto, ambaye mara ya mwisho kuingia kanisani alikuwa mgongoni kwa mama yake. Na pombe ya Mogire siku hizo ilisifiwa sana.

Alhamisi Manasseh akashuka Kisii mjini, dukani kwa Jagdish. Mwenye duka alidhani amefuata sukari, akatikisa kichwa mapema: hakuna, na hii ni wiki ya nne. Manasseh akasema anataka chumvi ya haluli, ile ya kuendesha tumbo, pakiti zote zilizopo. Jagdish akazipanga mezani, kumi na nane.

"Hii ni ya watu wangapi?"

"Mmoja," Manasseh akajibu.

Ijumaa asubuhi alimwaga yale maji, akaikoroga haluli ndani ya molasi mpya na kulijaza gurudumu. Mchana akaegesha, akaenda kuoga.

Kesho yake alikaa kanisani kwa raha ambayo hakuwahi kuipata humo. Kila aya iliyosomwa ilimkumbusha Mogire. Saa ya chakula, kama desturi, watu wakanywa uji uliopikwa jana yake kabla jua halijatua, maana Sabato moto haukokwi. Mama Eucabeth ndiye aliyeupika, na uji wake ulikuwa umepata jina kwa utamu mwezi ule, hata Wakatoliki wawili watatu wakaanza kupitia kuuliza habari za wokovu. Wote walisema mkono wake una baraka. Manasseh alikunywa vibuyu viwili.

Ibada ya alasiri ilipoanza, alitupa jicho dirishani. Mogire alikuwa anapita barabarani, mzima wa afya, anapiga mluzi. Manasseh alishangaa, halafu akajipa moyo kwamba labda bado hajaigusa molasi ile. Tumbo lake mwenyewe likanguruma, akadhani ni wasiwasi.

Mbele, Mzee Jethro alikuwa ameanza sala. Alikuwa hajawahi kufupisha sala tangu abatizwe. Siku hiyo alifika kwenye "na uwatazame wagonjwa," akatoka mbio kupitia mlango wa nyuma bila kusema amina. Mstari wa kwanza wa kwaya ukamfuata, kisha wa pili. Manasseh naye akajikuta yuko nje, amebana miguu, kwenye foleni ya watu thelathini na choo kimoja.

Aliyekuwa mbele yake ni Mama Eucabeth. Aligeuka polepole, ameshika tumbo kwa mikono miwili, akamsogelea sikioni.

"Manasseh, mwanangu," akanong'ona, "umetia nini kwenye lile gurudumu?"