Wimbo wa Kuweka Msalaba

Jumamosi, tarehe nane Juni, kulikucha kwa manyunyu na baridi. Watu walisimama makaburini na miamvuli yao, wakimzunguka Nsiande, mjane aliyetunga wimbo wa siku ya kumwekea mumewe msalaba. Kwao, wimbo wa namna hiyo huimbiwa marehemu kwanza, ndipo walio hai waupokee. Ndiyo maana kwaya ilijifunza mwezi mzima, milango ikiwa imefungwa.

Nsiande aliomba kimoyomoyo, akaanzisha. Alipomaliza mstari wa kwanza, umati wote ulidakia kiitikio bila kukosea neno, simu zikiwa juu.

Akaukatiza wimbo. "Mmeujulia wapi?"

"Mama, si uko kwenye simu tangu Jumatatu!" jirani yake akajibu kwa furaha. "Mimi ukinipigia, ndio unaolia."

Nsiande akamgeukia Eliabu, mwalimu wa kwaya, rafiki mkubwa wa marehemu.

"Nilirekodi mazoezi, shemeji, nikayaweka mtandaoni," Eliabu akasema, macho chini. "Lakini watu elfu tisa wamebarikiwa!"

"Na huyu?" Nsiande akaugusa msalaba. "Huyu amekuwa wa ngapi?"

"Nitaufuta leo hii."

"Utaufuta na vichwani mwetu?" mtu akadakia kutoka nyuma, na wachache wakacheka.

Nsiande akapiga magoti kwenye udongo uliolowa. Simu zilikuwa bado zimeinuliwa.

"Baba Ndeshi," akasema kwa sauti iliyowafikia wote, "mbele ya hawa nasema, nitakutungia mwingine. Nitakuja nao peke yangu, na sitamfundisha mtu."