Laini Moja ya Umeme

Nilikuwa nakoroga chai ya Mkuu, kama kila asubuhi, simu yake ilipolia.

"Kirusi cha kompyuta ulichokiunda kimeshaingia kwenye mitambo ya umeme ya adui," aliniambia alipoikata. "Tunaizimia kambi yao umeme. Amri inataka nywila mbili: yangu nimeweka, imebaki yako."

"Mkuu, kambi ile na hospitali ya watoto ziko laini moja."

"Wana jenereta."

"Na lisipowaka?"

Alicheka. "Binti, sheria gani inakataza kuzima taa? Maji tumeshayavulia nguo. Na wewe si mtu wa 'sawa, Mkuu' siku zote?"

Chai ilikuwa bado inazunguka kikombeni. Niliitazama mpaka ikatulia.

"Nikisema 'sawa, Mkuu', huwa namaanisha naogopa. Nywila yangu siiweki."