Chumba cha Nane

"Vyumba ni vinane," alisema mama yake Nasri.

Nasri aliacha kusoma. Kipeperushi cha safari alichokuwa akimsomea kilisema nyumba ina vyumba saba. Wageni wangelala siku mbili Mji Mkongwe wa Unguja, katika nyumba ya kale ya tajiri wa karafuu, halafu siku tatu kisiwani, kwenye vibanda vinavyotunza mazingira: umeme hakuna, maji ni ya mvua.

Wenzake pale Singida mjini, biashara ilipokuwa ruksa, walifungua maduka ya mitumba. Yeye alifungua ofisi ya utalii. Ukutani, juu ya leseni, alitundika ufunguo ambao babu yake alikuja nao kutoka Unguja. Ulikuwa wa chuma kinene, mrefu kuliko kiganja, na mama aliupaka mafuta ya alizeti kila mwezi usishike kutu.

"Cha nane kipi, mama?"

"Cha chini ya ngazi. Nilizaliwa humo. Taa hakuna, maji tulikuwa tunakinga ya mvua." Akaigusa kwa kidole picha ya kisiwa kwenye kipeperushi. "Kumbe siku hizi watu wanalipia."

Nasri hakucheka. Mezani ilikuwepo barua ya kuomba uwakala wa kupeleka wageni nyumba ile ya Mji Mkongwe, imeshapigwa chapa na kutiwa sahihi: *Mimi ni mjukuu wa mwenye nyumba.*

"Lakini mama, tangu tukiwa wadogo unatuambia babu ndiye alikuwa na ufunguo wa nyumba ile."

"Alikuwa nao kweli," alisema mama. "Alikuwa bawabu."