Mawe ya Msingi

Walioshuhudia wanasema Digidigi alikuwa na watoto wenye njaa, na majani mabichi yalikuwa ng'ambo ya mto. Kila mfalme mpya aliahidi daraja, akaweka jiwe la msingi mtoni mbele kidogo ya lile la mtangulizi wake, asije akaambiwa kaiga. Karamu ikaliwa, kisha baraza likaanza kubishania gharama.

"Nguzo ziwe za mpingo!" alidai Ngiri.

"Ghali mno, ndugu yangu," alisema Kima. "Tuunde kamati kwanza."

Kamati nayo ikala.

Siku Nyati alipotawazwa na kuweka jiwe lake, Digidigi alitazama mtoni. Mawe ya wafalme yalikuwa yamefika ng'ambo! Hakuomba ruhusa. Aliruka jiwe hadi jiwe, watoto nyuma yake, wakavuka wote.

"Wewe mama, rudi!" Nyati alifoka. "Unakanyaga mradi!"

"Mheshimiwa, mie nishavuka," alijibu huku akitafuna. "Nyie endeleeni na mjadala."

Jioni ile, kwa mara ya kwanza, baraza liliafikiana bila ubishi: mawe yote yang'olewe, kupisha ujenzi wa daraja.